Je, Tusisome Vitabu vya Tolstoy?

Wako wenzetu wasemao ya kwamba haimpasi Mkristo kusoma vitabu vya Leo Tolstoy, yule Mrusi, kwa kuwa Kanisa lake lilimtenga. Kweli, Sinodi Takatifu ya Urusi ilimtenga mwaka 1901, wala hakusingiziwa. Aliukana Uungu wa Kristo, na katika kitabu chake Ufufuo (1899) aliifanyia mzaha ibada ya Meza ya Bwana. Kwa hayo mimi simtetei.

Walakini nauliza: hao wakatazao wamekisoma? Bwana mmoja, Nekhlyudov, aketi katika baraza ya hukumu, na mshtakiwa aletwapo amtambua. Ni Katyusha Maslova, msichana aliyelelewa nyumbani kwa shangazi zake, ambaye yeye mwenyewe alimharibu zamani akamwachia rubli 100, kana kwamba deni limekwisha. Sasa msichana apelekwa Siberia, na yule bwana apewa heshima ya kumhukumu! Nimesikia mahubiri mengi juu ya uzinzi. Ni machache yaliyonichoma hivi.

Tena, Tolstoy alikuwa amekwisha kuacha haki ya malipo kwa vitabu alivyovitoa tangu 1881. Kwa Ufufuo alidai malipo, ili kuwasaidia Waduhobori. Hao walizichoma silaha zao mwaka 1895 kwa ajili ya imani, wakapigwa mijeledi, wakafukuzwa makwao. Na mwaka 1899 zaidi ya 7,000 walivuka bahari mpaka Kanada. Basi kitabu mkiogopacho kilisaidia kuwalipia nauli watu walioteswa.

Mwaka 1859, wakulima wa Urusi wangali watumwa wa mabwana wa ardhi, alifungua shule kwa watoto wao huko Yasnaya Polyana, akafundisha mwenyewe, bila fimbo. (Hapo baadhi yetu walimu tutakohoa.)

Mkitaka kumshtaki, mshtakini kwa habari ya Sofya mkewe. Alimzalia watoto kumi na watatu, akainakili miswada yake kwa mkono usiku hata usiku. Mume akahubiri upendo kwa wanadamu wote, na nyumbani ugomvi ukazidi mwaka kwa mwaka. Mwezi wa Novemba 1910, naye ni mzee wa miaka 82, alitoroka usiku, akaugua njiani, akalazwa katika nyumba ya mkuu wa stesheni ya Astapovo. Sofya alimfuata kwa treni. Waliomwuguza hawakumruhusu kuingia mpaka mumewe alipokuwa hana fahamu tena.