Stelingi Mwenye Madeni

Mashabiki wanapolalamika kwamba mwendelezo wa filamu ya shujaa umewaangusha, jibu la haraka huwa kwamba watu wamechoshwa na mavazi ya kubana na maghorofa yanayobomoka. Sikubaliani nalo. Captain Marvel (2019) iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.1, mwendelezo wake, The Marvels (2023), uliambulia kama milioni 206. Una mastelingi watatu, na wawili kati yao, Monica Rambeau na Kamala Khan, walipata nguvu zao kwenye tamthilia za Disney+. Aliyelipa kiingilio cha banda la video kule Bugwema anakuta watu wanalia msiba asioujua, na hata mtafsiri hodari hawezi kusimulia tamthilia mbili huku ngumi zinarushwa. Uchovu, kweli? Mwaka uleule studio ileile ilitoa Guardians of the Galaxy Vol. 3, ikavuka milioni 840, maana kisa cha Rocket, aliyekulia kwenye kizimba cha maabara na rafiki yake fisi-maji, kinaanza na kuisha mbele ya macho yako. Atakayetaja mgomo wa waigizaji wa Hollywood, uliowazuia kunadi filamu zao, ana hoja: uliisha Novemba 9, siku moja tu kabla The Marvels haijaingia kumbini Marekani, hivyo haikupigiwa debe la kutosha. Lakini debe humfikisha mtu mlangoni tu. Wikiendi ya pili mapato yake Marekani yaliporomoka kwa asilimia 78, na waliobaki nyumbani safari hii walishasikia habari kwa waliotangulia.