LENSI YA PILI SIYO MKUFU WA DHAHABU! MASTAA WA KAMERA ACHENI KUWAPONZA MADOGO

Kuna mpiga picha mmoja hapa mjini, jina kubwa, wafuasi kibao, anapiga picha za wasanii wa Bongo Fleva na za wake zao. Hivi karibuni alijirekodi amekaa kwenye buti ya gari, mapajani kaweka lensi nyeupe ndefu kama bomba la maji, akatema kauli: kijana ambaye hana lensi kama ile asijiite kameraman, akauze karanga. Likes zikamiminika. Madogo wa Kariakoo wakarushiana video hiyo kama vile ni agizo la mkuu wa mkoa.

Sasa yupo dogo mmoja wa Mtaa wa Swahili aliyeamua kulitii. Ana Canon ya mtumba, ile ya sensa ndogo wanayoanzia wengi, na lensi iliyokuja nayo, 18 mpaka 55. Kwa kamera hiyo hiyo amepiga kitchen party, send-off, ubarikio, misiba, na dada wa saluni wanaotaka picha za kupost. Alikuwa na kibubu chake cha lensi ya pili, anatia kidogo kidogo kila akilipwa. Alivyoona ile video akavunja kibubu. Hakikutosha. Akaenda kwa wale jamaa wa kausha damu, akaacha kadi ya kamera, sura na jina la mdhamini, akarudi na lensi nyeupe ya 70 mpaka 200.

Na hata hiyo siyo ile ya staa. Ya staa ni ya f 2.8, ile ambayo toleo lake la 2018 lilitoka Marekani kwa dola 2,099. Dogo kapata ya f 4, ya zamani, ile iliyoanza kuuzwa 1999, haina kitulizaji cha mtikisiko ndani. Rangi ndiyo hiyo hiyo. Winga aliyempeleka dukani alimwambia, "Mwanangu, ukiivaa shingoni nani atajua?" Basi. Mauzo yakaisha hapo.

Kwa taarifa tu, Canon hawakupaka lensi hizo rangi nyeupe ili mtu aheshimike ukumbini. Walipaka zisishike joto la jua mtu akikaa nazo uwanjani masaa. Kwenye shughuli ya usiku Mnazi Mmoja jua linatoka wapi?

Kazi ya kwanza ya lensi mpya ilikuwa harusi, nyumba ya Kiswahili ya zamani, korido katikati na vyumba pande mbili. Bibi harusi yupo chumbani anavalishwa. Chumba kina kitanda cha sita kwa sita, kabati, meza ya vipodozi, shangazi wawili, somo, mpaka rangi na mtoto anayelia. Dogo kaingia na bomba lake. Lensi ile haishiki kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja na kidogo, na kwenye sensa ndogo ile 70 inabana picha kama vile ni 112. Akarudi nyuma, akagonga kabati. Akarudi tena, akatoka nje ya mlango. Mwisho yupo koridoni, kasimama kati ya sufuria la pilau na ndoo, anapiga picha ya bibi harusi kupitia mlangoni kama mpelelezi.

Shangazi mkubwa akatoka kumfuata. "Baba, wewe umekuja kupiga picha au umekuja kuchungulia?"

"Shikamoo shangazi, lensi ndiyo inataka umbali."

"Marahaba. Sasa mwanangu nimtoe nje na gauni ili lensi yako ifurahi?"

Watu walicheka, na wewe msomaji unacheka. Ila zile picha hazirudiwi. Bibi harusi havalishwi mara mbili. Kwenye albamu ya yule dada, sehemu ya chumbani kuna pua, kuna hereni, kuna nusu ya kilemba cha shangazi. Picha moja ya chumba kizima, yenye watu wote waliomlea, hakuna. Dogo alitoka bila kubeba ile 18 mpaka 55 yake, maana staa alishasema lensi hiyo ni ya kitoto.

Hapo ndipo kauli za mastaa zinapouma. Wanaongea kama vile kamera ni gari, yaani kubwa ndiyo bora. Kamera siyo gari. Bodi inabaki moja, kinachobadilika ni kinachovalishwa mbele, na kinabadilika kwa kufuata kazi. Marekani wapo wenye bunduki za AR-15 wana mchezo huo huo: sehemu ya chini moja, ya juu wanavalisha tofauti, na wanabishana kutwa mwenye hela ya mawazo aunge ipi ya pili. Kariakoo hakuna habari za bunduki, ila ugonjwa ni ule ule. Mtu ananunua sehemu ya pili ili ionekane, halafu kazi inayomlisha inabaki haina kifaa.

Sasa kazi inayomlisha kameraman wa kipato cha chini katikati ya Dar ni ipi? Siyo mechi kwa Mkapa. Siyo simba wa Mikumi. Ni chumba kidogo na ukumbi wenye giza. Ni kikao cha kamati ambacho mwenyekiti anataka picha na keki, ni kumtoa mwali, ni MC anayezimisha taa kila baada ya dakika kumi ili maharusi waingie na moshi. Adui wa huyo kijana ni wawili tu: nafasi na mwanga.

Mwanga kwanza. Lensi ya kuzaliwa nayo, ikivutwa mpaka 55, tundu lake linaishia f 5.6. Namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, wengi wanachanganya hapo. Ile nyeupe ya f 4 inaongeza mwanga mara mbili, basi, tena ukiivuta mpaka 200 bila kitulizaji mkono ukitikisika kidogo tu picha imeenda. Halafu kuna kale kalensi kadogo ka 50, f 1.8, ambako mastaa wanakaita kikopo. Kanaingiza mwanga karibu mara kumi ya 5.6. Mara kumi! Toleo lake la STM lilitoka 2015 likiwa halifiki dola 130, lina uzito wa gramu 160. Kwa bei ya lensi moja mpya ya staa unanunua vikopo kumi na sita na nauli ya daladala inabaki. Na picha ya maharusi wanacheza, nyuma taa zimeyeyuka kuwa madoa ya rangi, ile picha ambayo kila dada anaitaka kwenye status, inatoka kwenye kikopo.

Lakini hata wahubiri wa kikopo nao waambiwe ukweli. Kwenye sensa ndogo 50 inakuwa kama 80. Ukumbini safi, uso unakaa vizuri. Chumbani kwa bibi harusi bado utagonga kabati. Ndiyo maana kwa dogo ambaye kazi zake nyingi ni za nyumba za Kariakoo, Gerezani na Ilala, lensi ya 24 ya f 2.8, ile bapa kama chapati iliyotoka 2014, ingeweza kumfaa kuliko hata hiyo 50. Inaona kama jicho la mtu aliyesimama mlangoni, na haimtishi mtoto. Nani amewahi kusikia staa akiitaja? Hakuna, maana haipendezi mapajani.

Na padri akisema kameraman akae nyuma kwenye mstari wa mwisho? Kweli, hapo mvuto mrefu unahitajika. Ipo 55 mpaka 250 ya plastiki, nyeusi, nyepesi, bei yake haina mfano na ile nyeupe, na ina kitulizaji. Au ikodi ile kubwa kwa siku moja, weka gharama kwenye bei ya mteja, kesho yake irudishe. Ambao hawana aibu wanafanya hivyo miaka yote. Tena kuna maneno mjini kwamba hata lile bomba la kwenye buti ya gari lilikuwa la kukodi, na gari pia. Wenyewe wanajuana.

Kuna mengine ambayo mtu mwenye sauti kubwa angeyasema na yangeokoa hela za watu. Dar ni jiji la joto na chumvi, lensi inaota ukungu ndani. Ukifika dukani washa tochi ya simu, imulike upande mmoja uchungulie upande wa pili. Ukiona utando kama wa buibui, mrudishie winga na salamu zake. Nenda na bodi yako mwenyewe, usikubali kujaribishiwa kwa kamera ya duka. Wenye Nikon ndogo za D3000 na D5000 na ndugu zao ndio wanaolizwa zaidi: bodi hizo hazina mota ya kufokasi, kwa hiyo wakiuziwa 50 ya zamani yenye herufi D mwishoni, wanafika nyumbani wanazungusha kwa mkono mpaka keki inakatwa. Watafute iliyoandikwa AF-S. Na anayesema "nunua lensi kubwa tu, bodi utabadilisha mbele ya safari" aulizwe atachangia shilingi ngapi kwenye hiyo safari.

Staa anaweza kujitetea kwamba yeye alikuwa anahamasisha, kwamba kijana lazima awe na ndoto. Sawa, ndoto ziwepo. Ila mtu mwenye watu laki kadhaa wanaomsikiliza akisema kifaa cha mwenzake ni cha kuuzia karanga, hajahamasisha, amemtukana mtu kwenye riziki yake. Muuza karanga mwenyewe pale Msimbazi anajua hesabu: hanunui sinia la pili kabla la kwanza halijarudisha mtaji. Yeye hakopi kausha damu ili apendeze.

Yule dogo aliendelea kulipa wiki ya kwanza na ya pili. Familia ya bibi harusi ilikataa kumalizia hela iliyobaki, na ukiziangalia zile picha huwezi kuwalaumu. Wiki ya tatu akachelewa siku mbili. Jamaa wa mkopo wakaja nyumbani asubuhi, mama yake akiwa anakaanga vitumbua mlangoni, wakaondoka na kilichoandikwa kwenye karatasi. Kwenye karatasi iliandikwa kamera. Lensi haikuandikwa.

Kwa hiyo lensi nyeupe ipo, imekaa juu ya kabati, imefunikwa na kitambaa cha vitambaa vya makochi. Bodi ya kuivalisha ndiyo haipo. Dogo ameiweka sokoni, na kwenye tangazo amemtag staa akiomba angalau arushe kwa wafuasi wake. Mpaka sasa kimya. Staa yeye jana kapost mpya, anasema asiye na droni aache kujiita kameraman.