Profoma Haina Mstari wa Kufikiri

Mteja akiniletea mashine ya kufyekea majani inayomwaga petroli, mara nyingi huja na hukumu yake tayari. "Fundi, kabureta imekufa. Mpya bei gani?" Imekufaje, haulizi. Nikimwambia aniachie mashine niitafutie ugonjwa kwanza, na kwamba kuutafuta nako kuna malipo yake, uso unabadilika. Kabureta ya dukani ataishika, ataigeuza, ataenda kumwonyesha bosi wake. Saa nzima niliyoinama juu ya injini hana namna ya kumwonyesha. Basi anaondoka akiamini nilitaka kumpiga.

Nayasema haya nikiwa ndani ya kazi yenyewe: sisi mafundi wa injini ndogo tunageuka wauza spea, na ninyi wateja ndio mnaotugeuza. Fundi anayejua kwamba hatalipwa kwa kufikiri ataacha kufikiri. Atafungua boliti mbili, atatoa kabureta ya zamani, atafunga mpya, atavuta kamba, itanguruma, atapokea hela yake. Wiki ijayo ikirudi, kosa ni la spea feki.

Chukueni mashine ya shule moja ya sekondari hapa Moshi. Ilikuja juu ya guta, injini ya Honda ya zamani, rangi imebaki kwenye pembe tu, lakini kisu kizima na magurudumu yanazunguka. Kijana anayetunza bustani alinishikia karatasi kutoka kwa fundi mwingine: kabureta nzima, plagi, kichujio cha hewa, na ufundi umewekwa chini kabisa kwa bei ya kuona aibu. "Mzee, mhasibu amesema nikuletee wewe ulinganishe bei tu," akaniambia. Nikamwomba akae kwanza.

Kwa asiyejua, ndani ya kabureta ya aina hii mna kikombe cha petroli, na ndani ya kikombe mna boya, ambalo mafundi wengi tunaliita floti. Petroli ikipanda, boya linapanda nayo na kusukuma sindano ndogo mpaka izibe tundu la kuingizia mafuta. Ni kazi ileile inayofanywa na boya la tangi la choo. Mhandisi Wilhelm Maybach alikuwa na kabureta yenye boya huko Ujerumani mwaka 1893, na tangu hapo wazo lenyewe halijabadilika sana. Sindano isipoziba, petroli haisimami: inafurika kwenye kikombe, inamwagikia nje, au inapita njia ya hewa na kuingia kwenye silinda. Hapo ndipo plagi inalowa na injini inakataa kuwaka hata uvute kamba mpaka bega litoke.

Nilifunga koki. Nikachomoa plagi, ilikuwa inachuruzika. Kisha nikachomoa kijiti cha kupimia oili, jambo ambalo kwenye ile karatasi halikuwemo popote. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama, nyepesi kama maji, na ukiinusa ni petroli tupu. Petroli ilikuwa imepenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka chini. Hebu fikirini: wangefunga kabureta mpya, mashine ikawaka, kila mtu akapiga makofi, na kijana akaenda kufyeka uwanja mzima kwa oili isiyolainisha kitu. Konrodi ingekatika. Halafu tungeambiwa mashine ilikuwa imezeeka.

Kikombe kinashikwa na boliti moja, spana namba kumi. Ndani, boya lilikuwa zima. Nililitingisha karibu na sikio, hakikusikika kitu. Lililotoboka hubeba petroli ndani yake, na ukilitingisha unasikia. Ncha ya sindano nayo ilikuwa laini, haina ule mstari wa duara unaojichora ikishachakaa. Tatizo lilikuwa pale inapokalia. Niliwasha tochi ya simu nikaona punje nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, zimegandamana kwenye tundu. Sindano ilikuwa ikija kuziba inakuta mgeni kakaa mlangoni.

Nikamuuliza kijana, "Punje hizi zimetoka wapi?" Akasema labda mafuta machafu. Jibu zuri, lakini petroli ya kwenye tangi ilikuwa safi. Nikachomoa mpira wa kupitishia mafuta, nikaupasua kwa wembe kwa urefu wake. Nje ulikuwa mzuri, unang'aa. Ndani ulikuwa umebomoka, ukipitisha kidole kinatoka cheusi. Mpira ule ndio uliokuwa ukilisha kabureta makapi yake, na ungeilisha hata hiyo mpya, siku ileile.

Kipande cha mpira chenye urefu wa kiganja. Ndicho kilichokuwa kinaitoa mashine ile kwenye uwanja wa shule kwenda kwenye lundo la vyuma chakavu.

Usafishaji wenyewe hauna maneno mengi. Mpira mpya, oili mpya, tundu nikalipuliza kwa kompresa, jeti nikaipitishia mshipi wa kuvulia samaki. Naomba niseme neno moja kuhusu jeti, maana linaniudhi: wapo mafundi wanaozibua kwa waya wa chuma. Tundu la jeti halifiki milimita moja, na jeti yenyewe ni ya shaba. Ukilikwaruza umelipanua, na mashine itakula mafuta maisha yake yote. Kabureta nyingi zinazotupwa ziliuawa na waya, halikuwa kosa la kiwanda.

Mteja atasema: muda ni pesa, kabureta za Kichina siku hizi ni rahisi, kwa nini tuhangaike? Sizikatai. Ninazifunga mwenyewe pale mwili wa kabureta umeliwa na kutu au umepasuka, na nyingine zinafanya kazi vizuri. Ila kuna injini za zamani za Briggs & Stratton ambazo kabureta yake inakaa juu ya tangi, inanyonya mafuta kwa kiwambo cha mpira, na haina boya kabisa. Nimeshawahi kumsikia fundi anamwambia mwenye mashine ya namna hiyo kwamba floti imetoboka. Mtu anayeuza spea bila kufungua atakuuzia hata dawa ya kiungo usichonacho.

Lakini lawama haziishii kibandani. Taasisi zetu zimejipanga kununua, hazikujipanga kutengeneza. Shule, parokia, hospitali, zote zinataka profoma, na profoma inataka jina la kitu, idadi na bei. Haina mstari wa kufikiri. Ukija na risiti ya EFD ya kabureta kutoka dukani, faili linafungwa, mkaguzi hana swali. Ukija na karatasi ya fundi wa chini ya mwembe iliyoandikwa "kutafuta tatizo", unaonekana mwizi. Kwa hiyo mhasibu mwaminifu kabisa analazimika kuchagua matumizi makubwa yanayoandikika na kuacha madogo yasiyoandikika.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kabla taasisi haijaidhinisha spea yoyote ya mashine, fundi aandike sentensi mbili: nimekuta nini, na kimesababishwa na nini. Asiyeweza kuziandika hajafungua mashine. Na sentensi hizo zilipwe, hata kama mwisho wake ni kuambiwa hakuna cha kununua. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi tuliojifunzia mtaani. Nao ungetusaidia zaidi kama mwenye cheti angeweza kudai ada ya uchunguzi bila kugombana na kila mteja.

Kibandani kwangu nimeshaanza. Nimeandika kwenye ubao: KUTAFUTA UGONJWA 10,000, UNUNUE USINUNUE. Bodaboda wengi wanasoma, wanacheka, wanasogea kwa jirani. Mama mmoja wa huko Kahe mwenye pampu ya kumwagilia alilipa bila neno, akaambiwa koki ya mafuta ilikuwa imefungwa nusu, akarudi zake na pampu ikivuta maji. Sasa kila msimu ananiletea mashine za majirani zake.

Mashine ya shule inafyeka. Malipo yangu bado. Niliandika mpira wa mafuta, oili, kusafisha kabureta na uchunguzi, jumla yake haikufika nusu ya ile karatasi ya mwanzo. Imerudishwa juzi na kijana yuleyule, mstari wa uchunguzi umezungushiwa kalamu nyekundu, na pembeni mhasibu ameuliza: "Hii ni spea gani?"