Sogezeni Gurudumu Nyuma: Barua kwa Mafundi wa Kabondo

Akina papa, akina mama, na ninyi vijana mnaotengeneza kinga, yaani baiskeli, kando ya barabara Kabondo, Kisangani,

Niko Gent, Ubelgiji. Leo nawaandikia habari za baiskeli, maana mji huu umejaa baiskeli za kila namna. Tangu 2017, manispaa ilipozuia magari yasikatize katikati ya mji, wazazi wanapeleka watoto shule kwa baiskeli zenye sanduku mbele, watoto wawili watatu ndani, mvua ikinyesha wamefunikwa turubai. Ziko za kukunja ukapanda nazo treni. Ziko za kuendesha umelala chali, miguu mbele. Hizo msizicheke: mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda moja iliyobuniwa na Charles Mochet, akaenda zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja, akavunja rekodi iliyosimama tangu 1914. Mwaka uliofuata wakubwa wa mchezo wakaipiga marufuku. Kosa lake ni kwenda mbio.

Lakini sizo ninazotaka muige. Sanduku la mbele kwenye matope ya njia ya Buta litawatoa roho, tena ukinunua ni euro elfu kadhaa. Angalieni fremu ndefu.

Ubaya wa toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria, mnaujua. Abiria yuko juu ya keria, uzito wote unaangukia kwenye ekseli ya nyuma au nyuma yake kabisa. Mkipanda mwinuko kidogo, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, na spoki za nyuma zinakatika moja moja. Miaka ya 1990 Mmarekani Ross Evans, baada ya kukaa Nicaragua na kuona watu wanavyobeba mizigo, alibuni kiungo cha chuma cha kurefusha baiskeli ya kawaida. Gurudumu la nyuma linasogea karibu sentimita 40, mzigo unakaa katikati ya magurudumu mawili badala ya kuning'inia. Mnyororo mnaunga kwa kipande cha mwingine, waya wa breki mnatafuta mrefu. Basi. Hakuna kitu hapo kisichopatikana Kisangani.

Kuna na Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief, inayobeba kilo 100 kwenye keria. Mwaka 2023 walitoa aina yenye minyororo miwili na friwili mbili: ukirudisha pedali nyuma kidogo, gia inabadilika, bila waya wa kukatika njiani. Aliyefikiria hivyo anazijua barabara mbovu.

Na ninyi pia mnazijua. Wakati wa vita vilivyoanza 1998, mafuta ya gari yalipokosekana na maboti yakasimama, nani alilisha Kisangani? Kumba-kumba, waliosukuma bidoni za mawese na magunia ya mchele mamia ya kilomita msituni. Mti uliofungwa kwenye usukani ili mtu asukume akitembea pembeni, Wavietnamu nao waliufunga, wakapeleka zaidi ya kilo 200 kwa baiskeli moja hadi vitani Dien Bien Phu mwaka 1954. Huko baiskeli zao zimewekwa kwenye makumbusho. Kwetu kumba-kumba hana hata ubao wenye jina lake.

Nasema hivi kwa uchungu, maana deni la baiskeli kwetu ni la zamani. Mvumbuzi Dunlop alipotengeneza tairi la hewa Belfast mwaka 1887, Ulaya nzima ikataka mpira, na babu zetu wakaingizwa msituni kwa bunduki na chikoti kuutafuta, ili watu wa huku watembee bila kutikisika. Tulilipa kabla ya kupanda.

Pikipiki zimekuja, najua, na vijana wamezihamia. Lakini siku petroli inapopanda bei, mnarudi wote kwenye kinga. Kwa hiyo tengenezeni moja tu ya fremu ndefu. Mkitumia bomba la maji lenye zinki, likwangueni kwanza kabla ya kuchomelea, moshi wake ni sumu. Ijaribuni kwa bidoni mbili tatu za mawese kabla ya kupandisha mama wa watu. Kisha nitumieni picha na vipimo. Spoki nene na friwili nitazituma mimi.