Sura Moja Haimtoshi Mwalimu

Sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere ilipozinduliwa mwezi Februari 2024 kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, Watanzania wengi walikuwa na swali moja tu: mbona hafanani? Pua ikapimwa, paji likapimwa, mashavu yakalinganishwa na picha za zamani. Waliouliza sanamu ile inasema nini juu ya mtu yule walikuwa wachache mno. Ghadhabu ile ilifichua umaskini wa macho: taifa zima linamdai mchongaji kazi ya mpiga picha za pasipoti.

Dai hilo la kufanana lilikwisha kujibiwa zaidi ya karne moja iliyopita. Kati ya mwaka 1907 na 1914, Mhispania Pablo Picasso na Mfaransa Georges Braque, wakifanya kazi Paris, waliukataa utawala wa jicho moja lililosimama mahali pamoja. Mtindo wao ukaitwa kubizimu. Mwaka 1910 Picasso alimchora Daniel-Henry Kahnweiler, mfanyabiashara wa sanaa, akauvunja mwili wake kuwa vipande vilivyopandana, kana kwamba kila kimoja kimetazamwa kwa upande wake. Hata hivyo Kahnweiler hakupotea. Mikono iliyofumbatana na wimbi la nywele vinamtambulisha. Yaliyobaki mtazamaji hana budi kuyakusanya mwenyewe.

Patatokea mtu wa kusema kwamba huo ni wazimu wa Wazungu. Asahau hilo. Picasso mwenyewe alizinduliwa na sanaa ya Kiafrika aliyoiona mwaka 1907 katika makumbusho ya Trocadéro. Wala Mtanzania asikimbilie kujisifu kwa vinyago vile, kwani msukumo ule ulitoka zaidi Afrika ya Magharibi na ya Kati. Cha kujivunia anacho karibu zaidi. Katika kinyago cha shetani cha Wamakonde, ambacho Samaki Likankoa hutajwa kuwa mwanzilishi wake mwishoni mwa miaka ya 1950, jicho huweza kuhamia tumboni na mguu ukaota begani. Vinyago hivyo vimeuzwa miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyelalamika kwamba havifanani na binadamu. Uhuru aliopewa shetani, kwa nini Mwalimu anyimwe?

Mkoa wa Mara wenyewe haujapata kumtazama kwa upande mmoja. Musoma inamjua mtoto aliyeanza masomo katika shule ya Mwisenge mwaka 1934. Na ni Jimbo Katoliki la Musoma lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, hata leo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Butiama, alikozaliwa mwaka 1922 na kuzikwa mwezi Oktoba 1999, inamjua mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, mwenye meno yaliyochongwa kwa mila ya kwao, ambaye serikali yake ndiyo iliyoufuta uchifu. Bunda nayo ni kwao Jaji Joseph Warioba, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Mwalimu. Tume aliyoiongoza ilipendekeza mwaka 2013 muundo wa serikali tatu, muundo ule ule ambao Mwalimu aliupinga vikali katika miaka ya 1990.

Na pande hazijakwisha. Upo upande wa mfasiri aliyempa Shakespeare Kiswahili, na upo wa rais aliyetawala na sheria ya 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Upo wa mwaka 1974, watu wa Mara walipohamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu. Upo pia wa 1964, ambao visiwani hutazamwa kwa macho yasiyo ya bara.

Wenye kumtukuza huchagua tabasamu la picha ya ukutani, mengine wakayafunika. Wenye kumchukia huchagua kizuizi na uhamisho, mengine wakayatupa. Makundi hayo hudhani yanapingana, kumbe yote mawili yamefumba jicho moja.

Ni kweli kwamba kubizimu ilikuwa elimu ya macho, si hukumu ya historia. Faida yake ni hiyo hiyo. Ubao mmoja unaweza kubeba pande zinazogombana, wala hakuna upande unaolazimika kumeza mwenzake. Kumvunja mtu vipande katika picha si kumtukana. Tusi ni kumlainisha mpaka asibakie na kona hata moja ya kushika.

Makumbusho ya Mwalimu yamesimama Butiama tangu mwaka 1999. Yaagize picha ya namna hiyo kwa mchoraji kijana, na pasiwepo afisa wa kumsimamia kwa rula. Fimbo, masharubu na meno yale yaliyochongwa vitatosha kumtambulisha mwenyewe. Mwanafunzi wa Mwisenge atakayepelekwa kuitazama huenda asimtambue papo hapo. Atauliza kipande hiki ni nini, na kile kimefikaje pale, na mwalimu wake atalazimika kumjibu: habari ya tafsiri, habari ya vijiji, habari ya kizuizi, habari ya Muungano. Picha inayofanana haijapata kumlazimisha mwalimu yeyote kujibu hayo.