Gololi, Udongo na Kofia Ngumu

Tunaandika kutoka Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika.

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunaomba ruhusa tuingie katika somo ambalo wengi wetu tuliliacha darasani, tukidhani ni la wavulana peke yao. Ni somo la fizikia, sura ile inayohusu vitu viwili vinapogongana. Tunalileta kwa sababu tangu mwaka 2010, zilipotungwa kanuni za pikipiki za kubeba abiria kwa malipo, bodaboda imekuwa ndiyo gari la mama. Ndiyo inayompeleka kliniki, ndiyo inayopandisha dagaa na migebuka kutoka ziwani, ndiyo inayomrudisha mtoto kutoka shule. Nasi tunaowapokea walioanguka tumejifunza kwamba majeraha hayaji ovyo. Yanafuata kanuni, na mwenye kuijua kanuni anaweza kujikinga.

Tuanzie uani. Watazame watoto wakicheza gololi. Gololi moja ikiigonga nyingine iliyotulia, tena ikiigonga katikati barabara, ile ya kwanza husimama pale pale na ile ya pili huondoka karibu kwa kasi ile ile. Huu ni mgongano wa kudunda. Sasa wape watoto hao madonge mawili ya udongo mbichi, yanayolingana, wayarushe yakutane uso kwa uso. Yatagandana na kuanguka chini. Huu ni mgongano wa kunata.

Katika migongano yote miwili kuna mambo mawili ya kuhesabu. La kwanza huitwa momenta. Ni uzito wa kitu mara kasi yake, pamoja na upande kinakokwenda. Momenta ya vitu vinavyogongana, ukiijumlisha, haibadiliki: iliyokuwapo kabla ndiyo itakayokuwapo baada. Gololi ya kwanza imeikabidhi ya pili. Madonge nayo yalikuwa na momenta zilizo sawa lakini za pande mbili zinazopingana, kwa hiyo jumla yake ilikuwa sifuri tangu mwanzo, na ndiyo maana yamesimama.

La pili ni nishati ya mwendo. Hii ni nusu ya uzito mara kasi, kisha mara kasi tena. Kwenye gololi karibu nishati yote inabaki kuwa mwendo. Kwenye udongo mwendo umekwisha, lakini nishati haikupotea. Imetumika kuubonyeza udongo, na iliyobaki imekuwa joto na sauti. Hapo ndipo penye moyo wa somo letu. Katika ajali ya barabarani nishati ya mwendo lazima iende mahali. Ikiwa haikubonyeza bati, itabonyeza mfupa.

Mama mmoja wa Ufaransa ana sehemu kubwa katika habari hii. Aliitwa Émilie du Châtelet, alizaliwa mwaka 1706, akaolewa na kulea watoto, na usiku alisoma hesabu. Zamani zile wataalamu walibishana kama nguvu ya kitu kinachokwenda hupimwa kwa kasi peke yake au kwa kasi mara kasi. Mholanzi mmoja, Willem 's Gravesande, aliangusha vitufe vya shaba nyeupe juu ya udongo laini. Kitufe chenye kasi mara mbili hakikuchimba mara mbili, kilichimba mara nne. Bibi du Châtelet alikieleza na kukitetea jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1740. Kisha akatafsiri kwa Kifaransa kitabu kikubwa cha Newton, akaimaliza kazi hiyo akiwa mjamzito. Septemba 1749 alijifungua, na siku chache baadaye akafariki. Sisi wa wodi ya wazazi hatuwezi kuisoma habari hiyo bila kunyamaza kidogo.

Mara nne hiyo ndiyo tunayoiona kitandani. Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa ikigonga ukuta, abiria anapata pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka kwenye mti wa mita 5. Ongeza mwendo hadi kilomita 72. Mama atadhani ni kama mita 10, kumbe ni mita 20, kimo cha jengo la ghorofa kadhaa. Sheria yetu inaposema kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, haitupunguzii uhuru. Kwa mwendo huo tayari ni kama kuanguka mita 10.

Sisi wa huku tuna jambo lingine la nyongeza. Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ziwa letu liko kama mita 770. Kila gari linaloteremka kutoka uwanda wa Ufipa kuja ziwani linashuka karibu kilomita nzima. Kushuka huko kunaongeza nishati ya mwendo bila tone la petroli, na breki ndizo zinazoigeuza kuwa joto. Dereva anayezima injini ili abane matumizi ameziachia breki kazi yote peke yake. Zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena.

Tuje kwenye lori na bodaboda. Lori la tani 10 linakwenda kilomita 36 kwa saa. Bodaboda yenye dereva na abiria, jumla kilo 250, inakuja mbele yake kwa mwendo ule ule. Wakigongana uso kwa uso na kunatana, hesabu ya momenta inaonyesha kwamba lori litapungua hadi kilomita 34 hivi. Dereva wake atatikisika. Bodaboda iliyokuwa ikienda mbele kwa 36 itasukumwa kinyumenyume kwa 34, yaani imebadilishiwa mwendo kwa kilomita 70 kwa nukta moja. Barabarani hakuna anayetazama nani alikuwa na haki. Mwepesi ndiye anayelipa. Kwa hiyo usimhimize dereva wako alipite lori kwenye kona, hata kama umechelewa sokoni.

Je, mtoto mapajani? Akina mama wengi husema, "Nitamshika." Tuhesabu. Mtoto wa kilo 10, gari la kilomita 36 kwa saa likisimama ghafla kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ili asikutoke mikononi itakubidi umzuie kwa nguvu inayotosha kuinua kilo 100. Hayo ni madumu matano ya lita 20 yaliyojaa maji, kwa mpigo mmoja. Upendo wa mama ni mkubwa, lakini mikono haiwezi. Mkanda unaweza, kwa sababu umefungwa kwenye gari.

Sasa kofia ngumu, ile ambayo vijana wetu huiita elementi. Wengi hudhani kazi yake ni kuwa ngumu. Ugumu wa nje ni nusu tu ya kazi. Ndani yake kuna povu jeupe lililokauka, na hilo limewekwa libonyee. Kichwa kikigonga lami, povu linakubali kubonyea kama udongo wa watoto. Linaimeza nishati na kukipa kichwa muda zaidi wa kusimama, na pigo likigawanywa katika muda mrefu hupungua nguvu. Lingekuwa linadunda kama mpira, kichwa kingerushwa kurudi kilikotoka, na badiliko la momenta lingekuwa kubwa zaidi. Hapa kunata ni rehema. Ndiyo sababu kofia iliyokwisha kugonga chini kwa nguvu haifai tena, hata ikiwa inang'aa. Uchunguzi wa nchi mbalimbali uliokusanywa pamoja ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kumbukeni pia kwamba gari likisimama, mwili bado unakwenda, na mwili ukisimama, viungo vya ndani bado vinakwenda. Ubongo hugonga fuvu. Ini na bandama hugonga mbavu. Kwetu ambako malaria ipo, bandama ya mtu huweza kuwa imevimba, na iliyovimba hupasuka upesi. Ndiyo maana mtu anaweza kuinuka baada ya ajali, akajikung'uta vumbi, akasema "sijambo", na baadaye akazimia kwa damu iliyovuja tumboni.

Akina mama wenzetu, tushike haya:

1. Usipande mshikaki. Kila mtu anayeongezwa huongeza nishati ambayo breki zile zile lazima ziimalize.

2. Nunua kofia yako kama unavyonunua viatu vyako. Ikae sawasawa, mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini.

3. Kanga na kitenge vikunjwe visifikie gurudumu wala mnyororo.

4. Mjamzito katika gari afunge mkanda. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Ya juu ipite kati ya matiti. Usiupitishe juu ya tumbo. Akigongwa au kuanguka, hata bila maumivu, aende kupimwa, kwani kondo la nyuma huweza kubanduka.

5. Mtoto mchanga hana kofia inayomfaa, na shingo yake ni dhaifu. Ikiwezekana asipande pikipiki. Ikiwa hakuna njia nyingine, chagua dereva unayemjua, mwambie aende polepole, na usione haya kumwambia mara ya pili.

6. Aliyeanguka na kupoteza fahamu asivutwe kofia wala kuinuliwa kwa mikono na miguu, isipokuwa hapumui vizuri. Shingo itulizwe, apelekwe akiwa amelazwa juu ya kitu kilichonyooka.

7. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mboni za macho zisizolingana, tumbo kuwa gumu, maumivu ya bega la kushoto au damu katika mkojo: usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali.

Jioni moja waketishe watoto, wape gololi na udongo, uwaonyeshe kwa mikono yako. Mtoto aliyeuona udongo ukibonyea atakuelewa utakapomwambia avae kofia. Na baba akiwa karibu, aitwe naye atazame, maana yeye ndiye anayelipa nauli, na ndiye anayeweza kumwambia dereva: "Punguza mwendo, umembeba mke wangu."