Kuwapenda wote, kuanzia na nani?

Tarehe 24 Oktoba 1993, siku tatu baada ya wanajeshi kumuua Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, kundi la Watutsi wenye silaha lilivamia makao ya askofu mjini Ruyigi. Ndani walikuwa wamejificha Wahutu, na pamoja nao Marguerite Barankitse, Mtutsi, mwalimu wa zamani aliyekuwa akifanya kazi ofisini kwa askofu. Maggy, kama wengi wanavyomwita, alikuwa tayari analea watoto saba wasio wa tumbo lake: Wahutu wanne na Watutsi watatu. Alikataa kuwatoa wenzake. Wavamizi wakamvua nguo, wakamfunga kwenye kiti, na mbele ya macho yake wakaua watu 72. Alichoweza kufanya ni kuwanunua watoto. Alitoa fedha, na watoto 25 wakaachwa hai.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba upendo hushinda. Ni haraka mno kusema hivyo. Watu 72 walikufa siku ile, na upendo wa Maggy haukuwakinga. Watoto waliosalimika waliokolewa na fedha, na akili iliyoendelea kufanya kazi wakati moyo umepondeka. Anayeuliza kama binadamu anaweza kuishi akiongozwa na upendo kwa watu wote, na upendo huo peke yake, hana budi kupita Ruyigi kwanza.

Wapo walioanzia kwenye kanuni. Leo Tolstoy, mwandishi mkubwa wa Urusi, alitumia takriban miaka 30 ya mwisho ya maisha yake akifundisha kwamba uovu usijibiwe kwa nguvu, na kwamba mali humtenga mtu na nduguze. Hakuwa mnafiki. Wakati wa njaa ya 1891 na 1892 alikwenda vijijini kufungua majiko ya kulisha wakulima, na akaachia haki za maandishi aliyoyatoa tangu 1881 ili atakaye ayachapishe bila kumlipa. Lakini nyumbani alikuwa na mke, Sophia, aliyemzalia watoto 13, na mzigo wa kuiendesha nyumba hiyo ulimwangukia mama huyo. Waligombana miaka na miaka. Usiku mmoja wa mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 82, Tolstoy alitoroka. Siku chache baadaye alikuwa mahututi katika kituo cha reli cha Astapovo. Sophia alimfuata, lakini waliomzunguka mzee walimzuia mlangoni hadi mumewe alipokaribia kukata roho.

Tolstoy alikuwa sahihi kuhusu njaa, vita na mali, na bado anastahili kusikilizwa na dunia. Hata hivyo upendo wake uliwafikia wakulima wa Urusi nzima, ukamkosa mtu mmoja aliyeishi naye kwa miaka 48. Hilo si doa dogo. Upendo kwa binadamu wote ambao hauwezi kukaa meza moja na mke una kasoro mahali.

Damu nzito kuliko maji, wasemavyo Waswahili, na wengi huishia hapo: penda wako, wengine wana wenyewe. Ruyigi inalikatalia neno hilo. Waliomfunga Maggy kwenye kiti walikuwa wa kabila lake. Kama angeongozwa na damu, angefungua mlango.

Alichofanya baadaye ndicho kinachotoa jibu. Alianzisha Maison Shalom, shirika la kulea watoto, nao wakaja kwa maelfu, wa Kihutu, wa Kitutsi na wa Kitwa. Hakutaka warundikwe katika bweni moja kubwa la mayatima. Waliokuwa na ndugu walitafutiwa ndugu zao, na wengine walijengewa nyumba ndogo ndogo ambamo walikua kama watoto wa familia moja. Mwaka 2008 Ruyigi ilipata hospitali kwa juhudi zake. Alijenga hata jumba la sinema na bwawa la kuogelea, kwa sababu mtoto aliyeona mauaji anahitaji chakula na dawa, na anahitaji pia kucheza. Hisia peke yake hazimlei mtoto wa adui. Zinahitaji godoro, ada ya shule, daktari, na mhasibu asiyeiba.

Kwa hiyo ndiyo, inawezekana, lakini si kwa kumgawia kila mtu sehemu sawa. Siku ile ya Oktoba Maggy alilazimika kuchagua nani wa kumwokoa, na kila siku iliyofuata alichagua tena. Ambacho hakufanya ni kumfuta mtu yeyote kwenye hesabu ya binadamu kwa sababu ya alikozaliwa.

Nchi nazo hujikwaa hapo hapo. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilihusu undugu wa binadamu wote, na mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000, waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao. Ni jambo kubwa, na linastahili kutajwa kwa fahari. Nchi hiyo hiyo, Desemba 1996, iliwatangazia wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Kagera waondoke kabla mwaka haujaisha.

Kuna wanaodhani kwamba anayempenda kila mtu hana budi kunyamaza mbele ya kila mtu. Mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipotaka muhula wa tatu, Maggy alipinga hadharani na kusimama upande wa vijana walioandamana. Ilimbidi akimbie nchi. Maison Shalom ikafungwa nchini Burundi, na kazi ya zaidi ya miaka 20 ikakwama. Mwaka 2016, mjini Yerevan, alipewa Tuzo ya Aurora, ya kwanza kutolewa, lakini wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi. Akaanza upya nchini Rwanda, akiwasomesha na kuwafundisha kazi Warundi wenzake wa kambi ya Mahama na wa Kigali.